Tusimlaumu bata, tulaumu sufuria

Sikukuu ikikaribia, wakaaji wengi wa Bukavu wanafikiria kuku. Mwenye uwezo ananunua kuku wa kienyeji, mwingine anachukua mapaja ya friji yaliyovuka bahari kabla ya kufika Nyawera au Kadutu. Bata anayezunguka ndani ya parseli, anayekula konokono na mabaki ya bugali, anakumbukwa mwisho. Na siku akichinjwa, anachemshwa saa nzima na zaidi, kisha tunasema nyama yake ni ngumu na inanuka.

Mimi nasema kosa si la bata. Kosa ni la mapishi yetu, na kosa hilo linatugharimu.

Bata wengi wanaofugwa huku ni wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Hawahitaji bwawa, beseni la maji linawatosha. Jike analalia mayai yake siku 35 na kulea watoto wake mwenyewe. Ugonjwa wa Newcastle, unaoweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, mara nyingi unawaacha bata wakiwa wazima. Kwa mama anayefuga Bagira au Kabare, huo ni usalama mkubwa.

Sasa tuje kwenye kikaango. Chagua bata wa miezi 3 au 4, si yule mzee wa miaka. Baada ya kumnyonyoa, kata na utupe kile kitezi cha mafuta kilicho juu ya mkia, maana harufu nyingi inatoka pale. Toa vifua viwili pamoja na ngozi yake, vikaushe kwa kitambaa safi, chanja ngozi kidogo bila kufikia nyama, tia chumvi.

Weka vifua ndani ya kikaango kikiwa bado baridi, ngozi ikiangalia chini, bila tone la mafuta. Kisha kiweke juu ya mbabula yenye makala machache. Ukianza na moto mkali, ngozi inaungua na mafuta yanabaki ndani. Kwa moto mdogo, mafuta yanayeyuka yenyewe na ngozi inakauka taratibu mpaka iwe ya kahawia. Hapo ndipo unageuza, unafunika, na kuacha nyama iive. Mafuta yaliyotoka usiyamwage: kesho yatakaranga viazi au lengalenga. Ndani ya kikaango kilekile tia kitunguu na maji ya marakuja, na mchuzi umepatikana.

Wengine watasema hicho ni chakula cha wazungu wa hoteli. Lakini hata huko Ufaransa, zamani kifua cha bata kilikuwa kinaiva polepole ndani ya mafuta yake ili kihifadhiwe. Mpishi André Daguin, wa mji wa Auch, ndiye anayejulikana kwa kukifanya nyama ya kukaranga haraka kama ya ng'ombe, na hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kama wao walibadilisha mawazo juu ya bata wao, na sisi tunaweza.

Ila tusiige kila kitu. Wao wanapenda nyama ibaki nyekundu katikati. Hapa kwetu, ambako umeme unakatika na bata wengi wanachinjwa nyumbani bila daktari wa mifugo kuwaangalia, nyama iive kabisa, mpaka maji yanayotoka yawe meupe bila damu. Tena bata wao wananoneshwa makusudi. Wa kwetu ana mafuta kidogo, kwa hiyo akikaa sana motoni anakauka. Kazi ya mpishi ni kusimama karibu.

Kuna jambo la makala pia. Makala tunayochoma hapa mjini yanatoka katika misitu inayotuzunguka, na hata mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, haijapona. Kifua cha bata kinaiva kwa muda mfupi. Mapaja yanayohitaji muda mrefu yapikwe pamoja na maharagwe, juu ya moto uleule. Mifupa inabaki kwa supu. Bata mmoja, chakula cha siku tatu.

Najua kuna nyumba nyingi Bukavu ambazo hazioni nyama hata mara moja kwa mwezi, hasa tangu Februari 2025, mji ulipochukuliwa na M23 na benki kufunga milango. Siwezi kumwambia mtu aliyekosa unga aende kutafuta bata. Nazungumza na yule ambaye bado ana franka chache za sikukuu. Ukinunua mapaja ya friji, sehemu kubwa ya pesa hiyo inatoka katika inchi. Ukinunua bata wa jirani, inabaki hapa: ananunua unga, analipa shule ya mtoto, anafuga wengine.

Kwa hiyo Jumapili hii, mama, dada, na wewe kaka usiyezoea kuingia jikoni, mpe bata nafasi moja juu ya kikaango. Anza na moto mdogo, usiwe na haraka.