Barua ya Mchungaji Haitoshi

Wale waliokuwa pamoja nasi kabla kifungu cha 2A hakijaondolewa katika Katiba mnamo Desemba 1991 watakumbuka jinsi tulivyompokea mgeni. Kijana akija kutaka kusaidia kugawa makaratasi au kuandaa ibada ya kuwaombea wafungwa wa kisiasa, swali la kwanza lilikuwa: nani amjuaye? Ni wa kanisa gani? Alisoma na nani? Tuliwaogopa makachero wa serikali, na hofu ile haikuwa ya bure. Mwaka wa 1997, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia zilipoungana kupeleka maelfu ya waangalizi katika vituo vya kupigia kura, swali lilikuwa limebadilika kidogo tu: je, huyu ni wa chama gani?

Mchujo wa namna hiyo ulitulinda sisi na kazi yetu. Haukumlinda mtoto wa shule ya Jumapili, wala mjane aliyekuja kutafuta msaada wa kisheria, wala msichana aliyelala katika uwanja wa kanisa baada ya kufukuzwa kwao katika mapigano ya Bonde la Ufa. Hao hatukuwauliza wanamwogopa nani.

Twaandika haya kwa sababu tumekosea. Miaka kadhaa iliyopita kundi letu lilianzisha masomo ya Jumamosi kwa watoto wa mtaa tunamofanyia kazi. Alikuja mwalimu mmoja wa kujitolea, mwenye barua ya mchungaji, mwenye sauti nzuri ya kuimba, mwenye kuisimulia Saba Saba ya 1990 kana kwamba alikuwapo Kamukunji. Hatukupiga simu hata moja. Baada ya miezi michache, mama aliyekuwa akiwapikia watoto uji alitueleza kwamba mwalimu huyo huwabakiza wavulana wawili watatu baada ya wenzao kuondoka, na kwamba mmoja wao ameacha kuja. Tulimjibu nini? Tulimwambia asilete fitina, maana wapinzani wetu watafurahi. Wazazi wa mtoto walipokuja wenyewe kulalamika, tulimtaka mwalimu aondoke kimya kimya, na tukampa barua ya shukrani. Kwa barua hiyo alipokewa katika makao mengine ya watoto.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayejitolea hali mshahara wetu, kwa hiyo kumhoji ni kumtusi. Hoja hii twaijua, kwa kuwa tuliwahi kuitumia. Lakini ni sisi tuliodai kwamba Rais asiaminiwe kwa neno lake tu, kwamba lazima pawepo Bunge, mahakama na magazeti huru ya kumwangalia, hata akiwa mtu mwema. Itakuwaje basi mtu anayefungiwa chumbani na watoto ishirini akose wa kumwangalia? Madaraka ya mtu mzima juu ya mtoto mwenye njaa yaweza kuwa makubwa kuliko ya waziri.

Tutazame mambo mawili yaliyotukia nchini mwetu na kuamuliwa na mahakama. Mwaka wa 2008 mmisionari kutoka Marekani alifungua makao ya watoto huko Boito, Bomet. Huko kwao, mwaka wa 1996, alikuwa amekiri mahakamani kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kimapenzi. Hati hizo zilikuwapo. Aliondoka Kenya mwaka wa 2017 baada ya tuhuma kuzuka, na mwaka wa 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi minane kwa kuwanajisi wasichana aliojiita baba yao. Hapa hati ya polisi kutoka kwao, kama ingalidaiwa na kusomwa, ingaliwaokoa watoto.

La pili ni gumu zaidi. Kijana wa Oklahoma alikuwa akija kujitolea katika makao ya watoto jijini Nairobi tangu 2012. Alijulikana na kupendwa. Mwaka wa 2014, akiwa na umri wa miaka 19, aliruhusiwa kulala humohumo makaoni. Mwaka wa 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 kwa aliyowatendea watoto hao. Mtu wa miaka 19 ana historia gani ya polisi ya kutuonya? Kilichofungua njia ya uovu ni kitanda alichopewa chini ya paa moja na watoto.

Ndiyo maana twasema kwamba cheti peke yake hakitoshi. Idara ya Upelelezi wa Jinai huchukua alama za vidole na kutoa cheti cha tabia njema, na kila kundi linalowahudumia watoto lapaswa kukidai. Ada yake ni takriban shilingi 1,000; na ilipwe na kundi, la sivyo tutabaki na wenye pesa peke yao. Lakini cheti humtaja aliyekwisha kukamatwa tu. Aliyesitiriwa na wazee wa kanisa, aliyeondolewa kimya kimya kama yule wetu, cheti chake ni cheupe kama theluji ya Mlima Kenya.

Na barua ya chifu je? Ni ajabu kwamba sisi tulioilaani Sheria ya Mamlaka ya Machifu mpaka ikarekebishwa mwaka wa 1997 bado twapokea barua ya chifu bila kuuliza kama chifu amewahi kumwona mwenye barua.

Kazi yenyewe huanza na fomu na mazungumzo, wahoji wakiwa wawili. Huendelea kwa kuwapigia simu watu wawili waliofanya kazi na mwombaji, na nambari tuitafute wenyewe pale alipofanya kazi, tusitegemee ile aliyoiandika kwenye fomu. Waulizwe waziwazi: je, ungemwachia mwanao? Anayesita kujibu huwa amejibu. Kisha miezi ya kwanza mgeni afanye kazi karibu na mwenyeji. Lakini ulinzi mkubwa ni desturi za kila siku zinazomhusu mgeni na mwenyekiti sawasawa: mlango hubaki wazi, watu wazima huwa wawili, hakuna anayelala na watoto wala kumchukua mmoja wao nyumbani kwake, hakuna zawadi za siri wala simu za usiku. Mwema hatapungukiwa na kitu kwa desturi hizi, ila mwovu atakosa nafasi.

Watoto nao waambiwe desturi hizo, wazijue kama wanavyozijua nyimbo zao, na wajue pia kwamba nambari ya simu 116 haitozwi pesa. Awepo mtu wa kupokea malalamiko asiyekuwa mwenyekiti wala jamaa ya mwenyekiti. Tuhuma nzito ipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto. Kikao cha wazee si mahakama. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inawataja hasa wale wanaotumia vibaya cheo au amana waliyopewa.

Twaonya pia upande wa pili. Mchujo usigeuzwe fimbo ya kuwapigia wa kabila jingine au wapinzani katika uchaguzi wa kamati. Uvumi si hukumu. Mtuhumiwa awekwe mbali na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, asikilizwe, na jina lake lisitangazwe kanisani kabla ukweli haujajulikana.

Mwaka uliopita tulimwendea yule mama mpishi kumwomba radhi. Alitukaribisha chai, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza kama tumewaandikia wale wa makao mengine waliompokea mwalimu kwa barua yetu. Tulikuwa hatujawaandikia. Tuliandika jioni ileile, tukiwa mezani pake.