Bei iko juu: tuandikishe haki yetu sasa

Ndugu wafanyakazi, na ninyi ba mama munaongoja mushahara pamoja nasi,

Siku hizi redio inasema kila saa juu ya chipu, kile kipande kidogo kinachopiga hesabu ndani ya telefoni na mashini za akili bandia. Wenye pesa wa Marekani na Asia wanakimbilia hisa za kampuni zinazoitengeneza. Wengi watauliza: inatuhusu nini sisi wa Kolwezi na Likasi? Inatuhusu. Njia za umeme za ndani ya chipu nyingi ni za shaba. Inashikishwa na bati. Pembeni yake muko vipande vya tantale, yenye kutoka ku koltani ya ndugu zetu wa Kivu. Na majumba makubwa ya mashini hizo yanakula nyaya nyingi za shaba.

Lakini biashara hii inapanda na kushuka. Mu 2021 chipu zilikosekana, wanunuzi wengi wakaagiza kupita mahitaji yao. Kisha depo zikajaa. Mauzo ya dunia nzima yalitoka dola miliari 574 mu 2022, yakashuka karibu miliari 527 mu 2023, na mu 2024 yakapanda kupita miliari 620. Hisa njo zinaruka zaidi. Tarehe 27 Januari 2025, kampuni Nvidia ilipoteza karibu dola miliari 600 za bei yake kwa siku moja, sababu ya habari ya programu moja ya bei ndogo kutoka China. Nyuma ikapanda tena.

Mwenye hisa akiona mawingu, anauza asubuhi, saa sita amekwisha kutoka. Sisi hatuwezi kuuza shimo. Wazee wa Kivu wanakumbuka mwaka wa 2000: bei ya koltani ilipanda sana, watu wakaacha mashamba, mu 2001 ikaanguka, deni zikabaki. Na sisi wa Katanga hatujasahau mwisho wa 2008, bei ya shaba ilipoanguka. Mitambo ilizimwa, maelfu wakarudishwa nyumba, batoto wakafukuzwa ku masomo kwa kukosa minervali.

Basi, wakati bei iko juu njo wakati wa kuandika. Ahadi ya mudomo ya mukubwa wa kazi inakufa siku bei inaanguka. Delege wote waombe mambo matatu mu mapatano ya kazi: nyongeza ya mushahara inayofuata bei ya madini, malipo ya kujulikana wakati wa konji tekiniki, siku tunapokalishwa nyumba bila kazi, na ndugu wa sutretansi wahesabiwe pia, maana wao njo wanafukuzwa wa kwanza.

Na kwetu nyumbani, tusidanganyane: nyongeza si mushahara. Tusikope juu yake. Ikiingia, tulipe kwanza minervali, tununue unga wa bukari wa miezi, inayobaki tuitie ku likelemba.

Musikiaji wa redio anaweza kungoja habari ya kesho. Sisi tumuulize delege wetu leo, ku mulango wa kazi: karatasi iko wapi? Tusingoje mitambo inyamaze njo tuanze kuitafuta.