"Mbovu" si jina la ugonjwa

Katika daftari la stoo la shule ninakofunza mna neno moja nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hadi leo kila nikilitazama naona haya. Neno hilo ni "mbovu". Nililiandika mwanzoni mwa muhula wa pili mwaka wa 2024, mkabala na runinga ambayo wazazi walijinyima wakaichangia ili watoto wao wayaone kwa macho yale ambayo sisi walimu huyaeleza kwa chaki. Kumbe runinga yenyewe haikustahili hukumu hiyo. Mwenye kasoro nilikuwa mimi, niliyeihukumu bila kuisikiliza.

Kisa kilikuwa hivi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na mwishoni mwa juma stima ilikuwa imepotea na kurudi mara kadha wa kadha. Runinga yetu ni miongoni mwa hizi za kisasa ziunganishwazo na intaneti, ambazo wengi huziita runinga janja. Tulipoiwasha, nembo ya kampuni iliyoiunda ilitokea kiooni, ikakaa kitambo, kisha giza likatanda. Punde nembo ikarejea, na giza nalo likaifuata. Majilisi ya walimu yakageuka mahakama. Huyu akasema kioo kimekufa, yule akasema stima imeichoma, na wa tatu akalaumu vitu vya siku hizi kuwa havidumu. Fundi aliitwa, akaitazama kwa mbali, akatamka kuwa bodi imeungua, na bei aliyoitaja ilikaribia ya runinga mpya. Shule haikuwa na fedha hizo. Nikachukua kalamu, nikaandika nilichoandika, nayo runinga ikafungiwa stoo.

Ilikaa humo muhula mzima. Watahiniwa wetu wa Kidato cha Nne wa mwaka huo walikariri jinsi volkano inavyolipuka na jinsi moyo unavyosukuma damu, lakini hawakuona hata kimoja kati ya hivyo. Muhula huo hauwezi kurudishwa.

Mwezi Septemba, tulipokuwa tukisafisha stoo, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza runinga ile iliugua nini. Nikamsimulia habari za nembo na giza, nikamalizia kwa kumwambia kuwa kioo kimekufa. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Lakini Mwalimu, kama kioo kimekufa, hiyo nembo mliionaje?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyekwenda chuoni nikafuzu, nimeshindwa kuuliza swali ambalo mtoto aliyeshika ufagio aliliuliza bila kujikakamua.

Hebu tulifuate swali lake. Runinga ya aina hii haiamki kwa pigo moja, bali huamka kwa hatua, kama mtu aamkavyo alfajiri. Kwanza, sehemu iitwayo pawasaplai hupokea umeme wa volti 240 utokao ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa mkondo mmoja ufaao vyombo vya ndani. Hapo kile kitaa chekundu huwaka. Pili, bodi kuu huamka na kusoma kutoka katika kumbukumbu yake programu fupi ya kuanzishia. Tatu, taa zilizo nyuma ya kioo huwaka na nembo huonekana. Nne, programu kuu hupakiwa, na baada yake ndipo huja orodha ya idhaa, intaneti na mengineyo. Basi runinga inayofika kwenye nembo imekwisha kupita hatua tatu. Kioo chake ki hai, na taa zake zi hai. Tatizo aghalabu liko katika hatua ya nne, yaani programu, kumbukumbu, au kitu kilichochomekwa kinachoikwamisha, ingawa mara nyingine pawasaplai iliyodhoofika huweza kuleta dalili iyo hiyo.

Kila dalili, kwa hivyo, ina mahali inapoelekeza kidole. Kama hakuna kitaa chochote kinachowaka, usiitazame runinga kwanza. Itazame soketi kwa kuchomeka kitu kingine, kisha uangalie waya na fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kama kitaa kinapepesa, hesabu mipepeso hiyo, kwa kuwa waundaji wengi wameifanya kuwa lugha ya kutaja ugonjwa. Kama sauti inasikika ila picha haionekani, ingia gizani na umulike kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, jua kwamba picha ipo na taa za nyuma ndizo zilizozimika.

Mimi na mwanafunzi yule tuliitoa runinga stoo tukaanza upya. Tulikubaliana juu ya sharti moja tu: tusibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha mawili kisha kitu kikapona, hutajua ni lipi lililokiponya. Tukaiacha bila king'amuzi na bila flashi iliyokuwa imesahauliwa nyuma yake tangu Aprili. Nembo ikaja, giza likaja. Tukaichomeka moja kwa moja ukutani badala ya ile waya ndefu ya kugawanya umeme. Hali ikawa ile ile. Tukaichomoa, tukashikilia kitufe chake cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyosalia iishe, tukangoja dakika kumi. Bado. Kila jambo tuliandika katika karatasi pamoja na matokeo yake.

Hatimaye tulikitafuta kijitabu cha maelezo, ambacho kilikuwa kingali ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijafunguliwa tangu siku runinga iliponunuliwa. Humo mlikuwa na maelezo ya jinsi ya kuirejesha katika hali iliyotoka nayo kiwandani: kitufe kilicho nyuma kishikiliwe huku plagi ikichomekwa. Tulifanya hivyo. Nembo ikaja, ikakaa muda mrefu kuliko kawaida, kisha kiooni pakatokea swali la kutaka tuchague lugha. Yamkini stima ilikuwa imekatika wakati runinga ikijiwekea programu mpya, ikabaki na kazi nusunusu. Tulipoteza mipangilio yote, tukalazimika kutafuta idhaa upya na kuandika tena nywila ya intaneti. Gharama nyingine haikuwapo.

Najua watakaonijibu kwamba mwalimu si fundi, na kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nakubali kuwa kazi ya fundi ina heshima yake. Tena nasisitiza kwamba uchunguzi wa mwanafunzi sharti ukome kwenye kifuniko cha nyuma. Ndani ya pawasaplai mna kapasita, vifaa vidogo mithili ya mikebe, ambavyo huweza kuhifadhi chaji ya kumdhuru mtu hata baada ya plagi kuchomolewa. Iwapo runinga ingali na dhamana ya muuzaji, kuifungua ni kuitupa dhamana hiyo. Lakini fundi wa kweli, awe wa dukani au wa jua kali, huuliza kabla ya kugusa: ilianza lini, stima ilikuwaje, kitaa chafanya nini? Shule yenye majibu ya maswali hayo haitatozwa bei ya bodi kwa ugonjwa usio wa bodi.

Hili si jambo la runinga moja. Nakumbuka mwaka wa 2015, nchi hii ilipohama kutoka matangazo ya analogia hadi ya dijitali, nilisikia watu wakisema runinga zao zimeharibika, ilhali zilikuwa nzima na zilichokosa ni king'amuzi. Na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo yalipeperushwa kwa redio na runinga; nyumbani ambako chombo kilikuwa kimetangazwa kufa bila uchunguzi, mtoto alilipa kwa kukosa masomo. Fauka ya hayo, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilikadiria kuwa katika mwaka wa 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nani ajuaye ni vingapi kati ya vifaa hivyo vilivyotupwa kwa neno moja la mtu mwenye haraka?

Mtaala wetu wa umilisi umelitaja suala la kuwaza kwa kina na kutatua matatizo kuwa mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi. Twalifundisha kwa maswali ya kubuni yaliyochapishwa vitabuni, na tatizo halisi lijapo mlangoni twalifungia stoo. Napendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila chombo cha shule kiwe na karatasi yake ya kuandikia dalili: tarehe, kilichoonekana, kilichojaribiwa, na matokeo. Pili, neno "mbovu" lisikubaliwe katika daftari lolote pasipo maelezo ya hatua ambayo chombo kimekwama.

Nanyi walimu wenzangu, tujichunguze zaidi ya hapo. Mara ngapi tumeandika katika ripoti ya mtoto kwamba hesabu zimemshinda, bila kutafuta ni mstari upi wa hesabu aliokwama? Mtoto aliyekosea katika mstari wa nne amekwisha kuipata mitatu ya kwanza.

Wanafunzi nao wasingoje kuruhusiwa kuuliza. Kuuliza si ujinga, na swali lile la stoo ndilo lililoirudisha runinga darasani.

Nimelikata neno langu katika daftari kwa mstari mmoja, ili lingali likisomeka. Sikulifuta. Nataka atakayeshika daftari hilo baada yangu aone kwamba liliandikwa, na kwamba halikuwa kweli.