Java Haikusema Lazima Uandike Kiingereza

Jamani, tuache kudanganyana. Kuna amri inayorithishwa kwa wanafunzi wa programu kana kwamba imo katika katiba: majina yote ndani ya programu lazima yawe ya Kiingereza. Nani alisema? Java haikusema.

Sheria zake za majina zinatosha kuandikwa kwenye kiganja. Jina lianze kwa herufi, alama ya dola au mstari wa chini, lisianze kwa tarakimu. Lisiwe na nafasi wala kistari. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili: mbuzi si Mbuzi. Na lisiwe mojawapo ya maneno yaliyohifadhiwa, kama class, int na return. Basi! Mengine ni desturi: klasi huanza kwa herufi kubwa, kigeu kwa ndogo, na kila neno linalofuata huanza kwa kubwa, kama jinaLaBaba. Na herufi zenyewe si lazima ziwe a hadi z. Mwethiopia aliyeko Kakuma akiandika kigeu kwa herufi za Kiamhari, kompaila itapokea bila kunung'unika.

Utaniambia Kiingereza ndicho cha kitaalamu. Haya, tubaki hapo hapo Kakuma. Kambi ile ipo tangu 1992, na wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia na Burundi. Sasa mwanafunzi anaunda klasi Mtu, anafuata vitabu: firstName, lastName. Lakini kwa desturi Msomali hatumii jina la ukoo. Ana jina lake, la baba na la babu. Ahmed Yusuf Ali ni mtoto wa Yusuf Ali Hassan. Programu inayokusanya familia kwa lastName itamweka mtoto kwa kina Ali na baba yake kwa kina Hassan. Mtoto ametenganishwa na mzazi wake, na kompaila haikuona kosa lolote! Kigeu kile kingeitwa jinaLaBabu, nani angethubutu kukitumia kumtafutia mtu watoto wake?

Twende Lodwar. Unaandika programu ya chanjo ya mifugo. Mturkana ana awi, yaani boma la mwenye mifugo pamoja na wake na watoto wake. Ana adakar, yaani maboma kadhaa yanayohama na kuchunga pamoja. Wewe unaandika Household na Group. Group ya nini? Ya kanisa? Ya akina mama wa kuweka akiba? Daktari wa mifugo atauliza adakar ngapi zimechanjwa, nawe utaanza kutafsiri kichwani. Andika Awi. Andika Adakar. Ni majina halali kabisa.

Sisemi Kiswahili hakina mitego. Ukiandika ng'ombe, kompaila itagoma, kwa sababu ritifaa kwake ni mwanzo wa herufi iliyofungwa kwa alama mbili. Andika ngombe, maisha yaendelee. Neno mbuzi nalo ni lile lile kwa umoja na wingi, na huwezi kutangaza vigeu viwili vya jina moja mahali pamoja. Basi mmoja awe mbuzi, orodha iwe mbuziWote. Na zana nyingi za Java hutegemea get na set, kwa hiyo utaandika getJinaLaBabu. Ni mchanganyiko, ndiyo. Kwani sisi huongeaje kila siku?

Hoja moja ya wapinzani naikubali: ukiandika maktaba ya kutumiwa na dunia nzima, tumia Kiingereza. Lakini programu ya chanjo ya Lodwar itarekebishwa na nani mwaka kesho? Na mtu wa Chicago, au na kijana wa Lodwar aliyerithi kompyuta na matatizo yake?

Jina la kigeu ni maelezo ya kwanza anayoyasoma mtu atakayekuja baada yako. Kompaila haijali unaiita nini. Anayejali ni yule mtoto aliyeandikwa kwenye familia isiyo yake. Mwenye kutetea lastName aje amweleze yeye kwanza, halafu ndipo tuzungumze habari za utaalamu.