Binti anaposomea majitaka

Mama mmoja msomaji wa safu hii ameniandikia. Binti yake amechaguliwa kusomea uhandisi wa mazingira, na baba mtu amenuna. "Nimeuza ng'ombe ili mtoto akasomee maji ya chooni?" anauliza. Mama anaomba nimsaidie kumjibu.

Shemeji, hebu twende pale Mlimani.

Chuo kikuu ni mji. Kina mabweni, migahawa, maabara na nyumba za walimu. Maelfu ya watu wanaoga, wanafua na kwenda haja kila siku, na maji yote hayo lazima yapate pa kwenda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa ya kusafisha majitaka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake wamekuwa wakijaribu hapo mmea anaoujua kila mkulima: matete.

Unachimbwa mtaro mpana, unajazwa kokoto, yanapandwa matete. Maji yaliyokwisha kutulia bwawani yanapita polepole kati ya mawe na mizizi. Uchafu mwingine unanasa, mwingine unaliwa na vijidudu vinavyoishi humo. Mwanafunzi anachota maji yanapoingia na yanapotoka, anapima, analinganisha. Yakitoka bado machafu, anatafuta sababu. Kosa likitokea hapo, yupo mwalimu wa kulirekebisha kabla halijafika mtaani. Ujuzi huo umekwenda kutumika katika shule na vyuo vya mikoani.

Si majitaka tu. Jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mwaka 2014 paneli za jua za kilowati 600 kwenye mapaa yake, na kituo chake cha nishati kinafundisha mafundi wa sola. Paa linawasha taa na linafundisha.

Sasa shemeji, tazama mtaani kwako. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Mvua ikinyesha, kuna jirani anafungulia chemba usiku, na asubuhi watoto wanaruka madimbwi hayo kwenda shule. Tunajua kipindupindu kinaanzia wapi. Binti yako amekwenda kusomea jambo hilo.

Siahidi kwamba ajira itamsubiri mlangoni. Siku hizi hakuna shahada yenye ahadi hiyo. Lakini anayemaliza na daftari la vipimo alivyochukua mwenyewe ana cha kuonyesha kuliko mwenye cheti peke yake. Kwa hiyo mwambie asisubiri mwaka wa mwisho. Wiki za mwanzo aulize: maji ya chuo yanatoka wapi na yanaishia wapi? Mabaki ya mgahawa yanapelekwa wapi? Mwanafunzi anaruhusiwa kwenda kupima?

Akirudi likizo, usimuulize matokeo tu. Mpeleke nyuma ya nyumba, kwenye lile shimo linalokusumbua kila masika, akueleze angefanya nini. Msikilize mpaka mwisho. Huenda ng'ombe wako akaanza kurudi siku hiyo.