Kutoka gari la kasi hadi la starehe: Hesabu ambayo wengi huiruka

KATIKA miji ya Kitale na Bungoma, kuna badilishano linalochukuliwa kuwa dalili ya kukomaa. Mwenye Subaru Impreza yenye injini ya turbo humkabidhi muuzaji gari hilo, akaongeza fedha juu, na kuondoka na Toyota Crown au Mercedes-Benz E-Class. Jamaa humpongeza kwa kuuaga ujana.

Hata hivyo, uamuzi huo ni wa kifedha kabla ya kuwa wa umri. Yanayomkwamisha mnunuzi si bei aliyoafikiana na muuzaji, bali mambo matatu yasiyozungumzwa siku ya kukabidhiana funguo: ushuru uliojificha ndani ya bei, matengenezo, na mkopo usiojali msimu wa mavuno.

Mapenzi ya gari la kasi yana asili yake. Mnamo 1994, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne katika mashindano ya Safari Rally akiendesha Subaru Impreza. Colin McRae aliyashinda 1997 na Richard Burns akayashinda 2000, wote wakitumia gari la aina hiyo. Safari ilipoondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, jina hilo lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Iliporejea Juni 2021, mtoto wa shule ya msingi wa enzi za McRae alikuwa mzazi mwenye karo ya kulipa na wazee wa kupeleka hospitalini.

Gari la starehe nalo lina heshima ya kale zaidi. Neno 'Wabenzi' lilianza kusikika Afrika Mashariki miaka ya 1960, likiwataja wakubwa waliopanda Mercedes ilhali raia walitembea kwa miguu. Katika ripoti ya 2006, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) na shirika la Transparency International-Kenya zilieleza kuwa serikali ya Narc ilitumia takriban Sh878 milioni kununua magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004.

Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri na maafisa wakuu watatumia magari yenye injini isiyozidi 1,800cc. Serikali ikanunua Volkswagen Passat, lakini baadhi ya wakubwa wakasita kurudisha magari yao makubwa. Funzo lake linamhusu hata mwananchi wa kawaida: kubadilisha gari hakuokoi chochote iwapo lile la kwanza halitoki nyumbani.

Sababu ya kwanza inayotolewa na wanaobadilisha ni barabara, na ina uzito. Kutoka Kitale hadi Bungoma, msafiri hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha huingia katika barabara kuu ya kuelekea Malaba. Huko hukutana na malori ya mizigo ya Uganda, bodaboda, Probox zilizosheheni abiria, na matuta kila penye soko. Kikomo cha kasi mijini ni kilomita 50 kwa saa. Injini iliyoundwa kukimbia haina pa kukimbilia, na springi ngumu za gari la mashindano humpa dereva mgongo unaouma na si ushindi. Mwaka wa 2024 pekee, zaidi ya watu 4,700 walifariki katika ajali za barabarani nchini. Anayeamua kupunguza mwendo ana hoja.

Lakini starehe hiyo hutozwa ushuru. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka wa 2026, kikomo ni magari ya 2019. Julai 2023, ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 25 kwa magari ya petroli yenye injini inayozidi 1,500cc na asilimia 35 yakizidi 3,000cc. Kisha huja VAT ya asilimia 16, inayotozwa juu ya jumla hiyo yote.

Chukulia gari la petroli la 2,500cc ambalo Mamlaka ya Ushuru (KRA) imelikadiria kuwa la thamani ya Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh350,000, ushuru wa bidhaa Sh337,500, na VAT Sh270,000. Jumla ni Sh957,500, kabla ya ada nyingine za uagizaji. Kwa viwango vya kabla ya Julai 2023, ushuru huo huo ungekuwa Sh812,500. Injini ikizidi 3,000cc, mzigo hufika Sh1,114,100. Yaani mnunuzi hulipia magari mawili na kupewa moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ushuru huo humfikia hata asiyeagiza kutoka Japani, kwa kuwa bei ya gari lililokwisha kusajiliwa Kenya hufuata bei ya linaloshushwa Mombasa. Gari la kifahari nalo hupoteza thamani haraka mikononi mwa mwenyewe, kwa sababu wanaoweza kulinunua mashinani ni wachache. Kinyume chake, magari ya kasi yanaanza kuadimika. Toyota iliacha kuunda Mark X Desemba 2019, na Subaru ikatangaza 2022 kwamba haitaunda WRX STI nyingine ya petroli. Kanuni ya miaka minane itakapoyafungia nje, yaliyomo nchini huenda yakahifadhi bei vyema kuliko wamiliki wanavyodhani. Anayeharakisha kuliondoa kwa bei ya kutupa hulipa ada ya papara.

Jambo la pili ni matengenezo. Injini ya turbo hudai oili safi kila mara, na mwenye nayo hulijua hilo. Asichokijua ni kwamba gari la starehe huficha madai yake chini ya kiti laini. Baadhi yake hutumia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, pamoja na vifaa vingi vya kielektroniki ambavyo haviguswi bila kompyuta ya kusoma hitilafu. Fundi hodari wa Probox si lazima awe fundi wa E-Class. Mara nyingi vipuri huagizwa kutoka maduka ya Grogan na barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na nauli ya kifurushi ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

La tatu, na lenye hatari kubwa zaidi, ni mkopo. Trans Nzoia huishi kwa mahindi na Bungoma kwa miwa na mahindi. Mwaka wa 2018, bei ya serikali ya gunia la kilo 90 ilianza kwa Sh3,200, ikashushwa hadi Sh2,300, kisha ikapandishwa hadi Sh2,500 baada ya malalamiko. Nao wakulima wa kiwanda cha Nzoia, kilichokodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi 2025, wanafahamu vyema maana ya kusubiri malipo ya miwa. Mapato ya namna hiyo huja kwa msimu, ilhali Sacco na benki hudai kila mwezi. Gari lililonunuliwa kwa matarajio ya mavuno huweza kurudishwa kwa mnada kabla ya mahindi kukauka.

Kuna pia suala la hati. Katika badilishano, magari mawili hubadilisha wenyewe, hivyo usajili wote wawili sharti uhamishwe kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA). Anayeliachia gari la kasi bila kuhamisha jina huendelea kutambuliwa kama mmiliki, hata likipatikana katika ajali au uhalifu asioujua.

Haya hayamaanishi kwamba starehe ni dhambi. Kwa mfanyabiashara anayesafiri kila wiki, au familia yenye mzee mgonjwa, kiti kizuri na gari tulivu ni hitaji halisi. Kipimo ni chepesi: pesa za kuongezea zitoke katika akiba, fundi asiye rafiki wa muuzaji alikague gari, na fedha za matengenezo ya mwaka mzima ziwe zimetengwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Akikosa mojawapo, mnunuzi hajaacha mbio. Amehamisha tu mbio hizo kutoka barabarani hadi kwenye dirisha la benki.