Yule Askari wa Sanamu Hakwenda Vitani Peke Yake

Wadau, kama hamjaitazama The Six Triple Eight, filamu ya Tyler Perry iliyotoka mwaka 2024, itafuteni. Inahusu wanawake 855, karibu wote Wamarekani weusi, waliopelekwa Ulaya mwaka 1945 chini ya Meja Charity Adams. Kule Birmingham, Uingereza, walikuta barua na vifurushi vya wanajeshi kama milioni 17 vimerundikana. Wakapewa miezi sita, wao wakamaliza kwa mitatu. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria ya kuwatunuku medali ya dhahabu ya Bunge. Wengi walishafariki, lakini majina yao yapo.

Je, wa kwetu? Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hapa chini ya Mlima Meru. Novemba 3, 1914 Waingereza walishambulia Longido wakarudishwa. Machi 1916 Arusha ikawaangukia, na Aprili wapanda farasi wa van Deventer wakatokea hapa kwenda Lolkisale, kisha Kondoa Irangi. Shuleni nilikaririshwa Lettow-Vorbeck mpaka basi.

Ambalo sikuambiwa ni kwamba askari weusi wa Mjerumani walikwenda vitani na wake zao na watoto. Wanawake ndio waliotwanga, wakateka maji, wakapika, wakatembea kutwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wengine walijifungua njiani. Lettow-Vorbeck aliwaacha wafuatane na msafara kwa sababu alijua askari wake wasingekaa bila wao. Wakavuka Ruvuma mwaka 1917, na jeshi lile liliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 25, 1918, wanawake bado walikuwemo.

Tusipambe mambo lakini. Wapo waliotekwa vijijini wakaburutwa na vita isiyowahusu, na jeshi hilo hilo lilikuwa linapora chakula cha mama zetu wengine. Mimi siombi waitwe mashujaa. Naomba wahesabiwe.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliobaki hai malimbikizo ya mishahara yao. Aliyewapikia hakuwahi kuwa kwenye orodha ya mishahara, atalipwa nini? Tazama na Sanamu ya Askari pale Dar, iliyozinduliwa mwaka 1927. Sawa, ile ni ya waliopigania Mwingereza. Ila soma maandishi yake: yanataja wapiganaji, wapagazi na wanaume wengine, halafu yanaahidi kwamba watoto wa kiume watalikumbuka jina la marehemu. Mwanamke hamna, hata kwenye ahadi!

Ningeanzia Boma letu la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 na sasa ni makumbusho. Watengewe ukuta mmoja wanawake wa vita ile. Na wewe mwenye bibi Longido, Monduli au kule Meru, muulize wiki hii mama yake alimsimulia nini kuhusu Mjerumani. Akitaja jina, liandike.